Hamsini kwa Mia

Ekari moja ina futi 43,560 za mraba. Ploti ya hamsini kwa mia, kipande kinachotafutwa na kila mwenye akiba pembezoni mwa mji wa Kutus, Kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, kama ilivyo pembezoni mwa Karatina, Embu na Nyeri, ina futi 5,000. Kata ekari hiyo vipande vinane, utakuwa umemaliza futi 40,000 na kubakiwa na 3,560, asilimia 8 tu ya shamba, kwa ajili ya njia, mtaro, bomba la maji na nguzo za stima. Zipange ploti nne upande huu na nne upande ule, zitazamane: njia ya katikati itakuwa na urefu wa futi 200 na upana usiofika 18. Lori la mawe likiwa ndani, la mchanga lisubiri barabarani. Anayetaka njia pana zaidi hana budi kupunguza ploti, na mnunuzi atakayepima kwa uzi asishangae akikuta hamsini yake imekuwa arobaini na saba. Hesabu hii haimo katika sera yoyote ya makao. Hufanywa na mwenye shamba, broka na mpima ardhi, migomba ikiwa ingali imesimama, nayo ndiyo inayoamua kama gari la zimamoto litaweza kupita hapo miaka hamsini ijayo.

Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba soko la ardhi la Kutus ni la watu wenyewe, na kwamba serikali hufika baadaye, ikiwa imechelewa, kuhesabu kilichokwisha kujengwa. Mimi nadai kwamba serikali ndiyo iliyoliumba soko hilo tangu mwanzo na bado ndiyo inayolisukuma, ila kwa maamuzi ambayo hakuna aliyeyaita sera ya makao: nani apewe hati, makao makuu ya kaunti yawe wapi, chuo kikuu kisimame wapi, lami ipite wapi, mpaka wa manispaa uchorwe wapi. Ile sera iliyopewa jina hasa, yenye sheria yake, hazina yake na makato yake katika mshahara, ina uhusiano hafifu mno na namna mtu wa Kutus anavyopata mahali pa kulala. Serikali inapandisha bei ya ardhi kwa mkono mmoja bila kukusudia, kisha kwa mkono wa pili inatoza watu ushuru ili kuwapunguzia makali ya bei hiyo. Kati ya mikono hiyo miwili yuko mwenye shamba, ambaye hajafanya kosa lolote, anayevuna.

Tuanze na hati, maana bila hati hakuna soko. Kabla ya miaka ya 1950 ardhi ya Ndia na Gichugu, maeneo mawili yaliyokuja kuwa sehemu ya Kirinyaga, ilikuwa ya koo, na mtu alilima vipande vilivyotawanyika kwenye matuta mbalimbali. Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, serikali ya kikoloni ilitoa Mpango wa Swynnerton: vipande vikusanywe, kila mtu apewe shamba moja lenye mipaka, aandikishwe, apate hati atakayoweza kuiweka rehani na kuiuza. Wakati huohuo watu wa Mkoa wa Kati waliamrishwa kubomoa boma zao na kuhamia katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na askari wa nyumbani. Ukitafuta sera ya kwanza ya serikali kuhusu makao katika upande huu wa Mlima Kenya, ndiyo hiyo, nayo ilikuwa adhabu. Hali ya Dharura ya wakoloni ilipokwisha, waliokuwa na mashamba walirudi mashambani na hati zao. Wasiokuwa na kitu walibaki kijijini. Uhuru haukuugeuza mpango huo bali uliukamilisha: Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ilithibitisha umiliki wa mtu binafsi, na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 ikaweka bodi ya ardhi ya kuidhinisha kila mauzo na kila mgawanyo wa shamba la kilimo. Bodi ilikusudiwa kulinda shamba lisikatwekatwe na familia isiuziwe ardhi chini ya miguu yake. Imefaulu zaidi katika la pili kuliko la kwanza, kwa kuwa mzee anayegawia wanawe wanne haendi mbele ya bodi kama muuzaji, anakwenda kama baba.

Kwa miaka mingi hati hizo zilikaa kimya ndani ya masanduku. Kutus ilikuwa njia panda ya biashara, mahali pa gulio na magari ya kwenda Embu, Sagana na Mwea, huku Kerugoya, kilomita chache juu kuelekea mlimani, ikiwa mji wa bwana wilaya, mahakama na hospitali. Kilichobadilisha mambo ni Katiba ya 2010. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, makao makuu ya Kirinyaga yaliwekwa Kutus. Ofisi za kaunti hazikuja na majengo tu. Zilikuja na makarani, madereva, maafisa wa kilimo na wa fedha, wawakilishi wa wadi, na nyuma yao wakandarasi wenye ankara za kufuatilia, ambao nao hula, hulala na huegesha magari. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2016, chuo kilichokuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilipewa hati ya kujitegemea na kuwa Chuo Kikuu cha Kirinyaga, kando ya barabara hiyohiyo ya Kutus kwenda Kerugoya. Chuo kikuu kinachopokea maelfu ya wanafunzi bila vitanda vya kuwatosha kimeagiza vyumba vya kupanga, hata kama barua ya kuagiza haikuandikwa. Kisha likaja lile la barabara: mwaka 2020 kazi ilianza ya kupanua barabara ya Kenol, Sagana hadi Marua, kilomita 84 za njia mbilimbili zinazounganisha Nyeri na barabara kuu ya Thika, na hivyo kuipunguzia Kutus saa za kufika Nairobi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Hapa mgeni alikuwa serikali, na wenyeji waliopona ni wale ambao shamba la babu yao lilianguka upande unaofaa wa barabara.

Inafaa kueleza kwa nini faida ilikwenda kwao na si kwa mpangaji, wala kwa fundi, wala kwa mwuza saruji. Nyumba ya Kutus na nyumba ya kijiji kilicho ndani kabisa, kilomita kumi kutoka lami, hujengwa kwa vitu vilevile. Mawe ya kuchonga yanatoka Ndarugu, mabati na saruji vinatoka viwanda vilevile, mchanga hubebwa na malori yaleyale, na fundi hawezi kudai ujira maradufu kwa sababu tu amevuka mto. Kwa hiyo kodi ya chumba ikipanda Kutus na isipande kule ndani, tofauti haiwezi kukaa kwenye ukuta wala kwenye paa. Lazima itue kwenye udongo. Mwanauchumi Mwingereza David Ricardo aliliona jambo hili mwaka 1817 akiandika juu ya mashamba ya ngano: bei ya nafaka haiwi juu kwa sababu ardhi ni ghali, bali ardhi ndiyo inayokuwa ghali kwa sababu bei ya nafaka iko juu. Weka chumba cha mwanafunzi mahali pa gunia la ngano, maneno hayabadiliki. Tena udongo una sifa moja ambayo saruji haina: hupanda bei kwa habari tu. Tangazo la barabara hupandisha ploti kabla trekta la kwanza halijashushwa, na tangazo la pili, la kwamba kazi imekwama kwa kukosa fedha, halizishushi.

Na nani hujenga? Hapa ndipo sera rasmi inapoanza kupotea njia. Mwaka 2023 mikopo ya nyumba ya benki nchini Kenya yote, Nairobi ikiwemo, ilikuwa takriban 30,000, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu familia zaidi ya milioni 12. Katika miji kama Kutus mkopo wa namna hiyo ni kama theluji ya kilele cha mlima: unaonekana, haufikiwi. Anayejenga ni mwalimu aliyekopa kwa SACCO, mkulima wa kahawa au wa mpunga aliyepata msimu mzuri, mama wa chama aliyefikiwa na zamu yake. Hununua ploti mwaka huu, huweka msingi mwaka ujao, hunyanyua ukuta hadi lenta, husubiri. Vyumba vikimalizika viwili kati ya sita, huvipangisha, na kodi ya viwili hununua mabati ya vinne. Haina jina kwenye vitabu vya mipango, lakini hiyo ndiyo benki ya nyumba ya Kutus. Sensa hiyo ya 2019 ilikuta kwamba mijini familia karibu 79 katika kila 100 zinaishi katika nyumba za kupanga, na nyingi ya nyumba hizo zimetokana na wajenzi wadogo wa aina hii. Serikali huwagusa kwa kodi ya mapato ya nyumba, iliyoshuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5 Januari 2024 na ambayo haimhusu anayepokea chini ya shilingi 288,000 kwa mwaka, na kwa ushuru uliofichwa ndani ya bei ya saruji na vyuma. Pia iko Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, ambayo bado inamlinda mpangaji yeyote anayelipa hadi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimeachwa kikazeeka hadi sheria ikawa kumbukumbu ya bei za zamani.

Sasa tazama sera yenyewe. Desemba 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitaja nyumba 500,000 za bei nafuu kama mojawapo ya nguzo zake nne. Hazikufika hata robo ya hizo. Serikali ya Rais William Ruto iliweka lengo la nyumba 200,000 kila mwaka, na kutoka Julai 2023 ikaanza kukata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mwajiriwa, mwajiri naye akiongeza kiasi kilekile. Mahakama Kuu iliyabatilisha makato hayo tarehe 28 Novemba 2023. Bunge likaandika upya, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikatiwa saini tarehe 19 Machi 2024, safari hii ikiwagusa hata wasio na mshahara. Hoja ya msingi ni upungufu: nchi inakosa nyumba milioni 2, mahitaji huongezeka kwa zaidi ya 200,000 kila mwaka, na zinazojengwa hazizidi 50,000. Sina ugomvi na takwimu hiyo kama kilio cha nchi nzima. Lakini upungufu hauna anwani. Hauwezi kukuambia kama kinachokosekana ni kuta, au ardhi yenye hati, au bomba, au kipato. Nairobi vinakosekana vyote kwa pamoja, na jengo la ghorofa lililo kwenye ardhi ya umma linajibu sehemu ya swali. Mei 2025, wenye nyumba wa kwanza walipopokea funguo pale Mukuru, Nairobi, walitoka katika vibanda vya mabati vilivyobanana ambako hakuna aliyeweza kujijengea hata kama angekuwa na fedha. Kutus si Mukuru. Kutus mtu anaweza kujijengea, na anajijengea, na kinachomzuia ni bei ya kile kipande cha futi 5,000 na mambo ambayo hayaji nacho.

Chukua mwajiriwa wa Kutus mwenye mshahara wa shilingi 40,000. Kwa mwezi hukatwa 600, mwajiri huweka 600, jumla 1,200. Kwa mwaka 14,400. Kwa miaka kumi 144,000 bila riba. Huyu kwa sheria yuko katika kundi la nyumba za bei nafuu, lile la kuanzia 20,000 hadi 149,000 kwa mwezi, naye anaweza kujiandikisha katika Boma Yangu, mfumo wa serikali wa kuomba nyumba hizo, aweke akiba ya amana na kungoja kura. Akibahatika atapata nyumba ya ghorofani ambayo hawezi kuiuza bila idhini ya bodi, isiyo na ua wa kuku wala mahali pa kuongeza chumba cha kupangisha. Asipobahatika, makato yake yamejenga nyumba ya mwingine, pengine Nairobi. Watetezi watasema ushuru wote uko hivyo, kwamba asiye na mtoto hulipia shule. Ni kweli, na kama hoja ilikuwa kwamba makato ni dhuluma kwa sababu mlipaji hapati nyumba, ningeiacha hapa. Hoja yangu ni nyingine: katika mji huu makato yanachukuliwa kutoka kwenye chungu kilekile ambacho kingenunua mabati. Shilingi 600 si nyingi, lakini kwa mjenzi wa chumba kwa chumba kila kinachopungua kwenye mshahara hupunguza pia mkopo ambao SACCO itampa, maana SACCO hutazama kinachobaki baada ya makato. Hazina inayokusudiwa kuongeza nyumba hupunguza kasi ya wale wanaozijenga tayari, na hakuna popote ambapo vyumba visivyojengwa huhesabiwa.

Serikali imesema inataka nyumba hizi zifike kila eneobunge, na Kirinyaga ina manne. Nyeri mradi wa aina hiyo wa Blue Valley umekuwa ukitajwa sana. Je, zikijengwa nyumba mia mbili katika mji mdogo, hazitashusha kodi? Zinaweza, na sitaki kulikwepa jambo hilo. Mia mbili Nairobi ni tone. Mia mbili Kutus ni mtaa. Mpangaji wa nyumba ya vyumba viwili akipata pa kwenda, mwenye nyumba atafikiri mara mbili kabla ya kuongeza kodi. Ila angalia zitajengwa wapi. Ardhi ya umma katika miji hii ni chache kwa sababu ileile ya miaka ya 1950: wakoloni waligawa karibu kila tuta kwa watu binafsi na kuacha uwanja wa soko, shule, kituo cha chifu na kijiji. Jengo la serikali basi litasimama mahali ambapo kiwanja cha umma kimebaki, si lazima mahali panapohitajiwa na watu, na kila kiwanja kitakachotumika hivyo hakitapatikana tena kwa shule au soko ambalo mji wa ploti za hamsini kwa mia haukujiachia. Singapore hutajwa kila mara hoja hii inapofika hapa. Bodi yake ya nyumba iliundwa mwaka 1960, na leo wakazi karibu wanane kati ya kumi wanaishi katika majengo yake. Kinachosahaulika ni sheria ya mwaka 1966 iliyoiwezesha serikali hiyo kutwaa ardhi kwa fidia ambayo haikufuata bei ya soko. Siri ya Singapore haikuwa zege. Ilikuwa ni kukataa kumlipa mwenye ardhi thamani iliyotengenezwa na serikali yenyewe. Kenya imechagua vingine: Kifungu cha 40 cha Katiba kinadai fidia ya haki, kamili na ya haraka, na ukikumbuka jinsi ardhi ilivyowahi kuchukuliwa Mlima Kenya huwezi kuwalaumu walioandika hivyo. Lakini ukiacha msingi wa Singapore huwezi kuagiza paa lake.

Pingamizi zito zaidi ni la shamba. Kirinyaga ina kilomita za mraba 1,479 tu, na sensa ya 2019 iliwahesabu watu 610,411. Udongo wake mwekundu ni wa kahawa na chai, tambarare zake za Mwea ni za mpunga. Kila ekari inayokatwa vipande vinane ni kahawa iliyong'olewa na haitarudi. Wanaotetea majengo ya ghorofa husema ndiyo njia pekee ya kuokoa kilimo: watu waishi juu, chini pabaki na mimea. Nakubali hofu yao, ila dawa yao siikubali. Jengo la serikali kwenye uwanja wa umma halimzuii jirani kukata shamba lake. Likija na lami na taa za barabarani, litampa sababu zaidi. Shamba hukatwa kwa sababu ploti nane zina thamani kubwa kuliko kahawa ya ekari moja. Ili kuiokoa kahawa inabidi ploti zilizokwisha kukatwa zibebe watu wengi zaidi, yaani mwenye hamsini kwa mia aweze kupanda ghorofa mbili au tatu. Kinachomzuia mara nyingi si fedha za ngazi. Ni choo. Pale ambapo bomba la maji taka halijafika, kila ploti huhitaji shimo lake, na shimo la familia mbili halivumilii familia kumi. Bomba moja lililozikwa chini ya barabara lingeongeza vyumba vingi kuliko jengo lolote la kufunguliwa kwa utepe. Shida ya bomba ni kwamba likishafukiwa hakuna anayelipiga picha.

Kuna mifano ya serikali kuandaa ardhi na kuwaacha watu wajenge. Dar es Salaam, mwaka 2002, Wizara ya Ardhi ya Tanzania ilianza mradi wa viwanja 20,000 kwa fedha zilizokopwa Hazina na kurudishwa kwa mauzo ya viwanja. Uliishia kupima viwanja vingi kuliko idadi iliyoupa jina, vyenye njia za kupita malori mawili. Nairobi yenyewe ilifanya jambo la aina hiyo Dandora kuanzia 1975, viwanja 6,000 vyenye maji na mfereji wa maji taka kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wapinzani wa njia hii wana la kusema. Dar viwanja vingi vilinunuliwa na wenye nacho na vikakaa miaka na nyasi. Dandora wengi wa waliolengwa waliuza au kupangisha, na leo ni majengo marefu ya vyumba vya kupanga yaliyobanana. Hayo yote ni ya kweli. Lakini Dandora, pamoja na msongamano wake, imewapa makao watu wengi kupita walivyotarajia waliouchora mradi, na hakuna shilingi ya serikali iliyojenga ghorofa zile. Walioshindwa ni maafisa wa mipango miji walioacha ghorofa zipande bila kupanua mfereji. Kosa la Dar, kiwanja kukaa na nyasi, lina dawa inayojulikana: anayeshikilia ardhi yenye huduma bila kuitumia alipishwe kila mwaka.

Hapo ndipo kaunti ingeingia kwa nguvu, na ndipo inaposita. Thamani iliyoletwa Kutus na ofisi, chuo na barabara ingeweza kurudi kidogo kwa umma kupitia kodi ya ardhi, na Sheria ya Taifa ya Ukadiriaji ya 2024 imezipa kaunti msingi mpya wa kuitoza. Zana tulizozitegemea hadi sasa zinagonga mahali pasipofaa. Kodi ya faida ya mauzo, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, humpata anayeuza na kumwacha anayekalia; na kwa kuwa hulipwa siku ya uhamisho, humshawishi mtu auze kwa karatasi ya wakili bila kuhamisha hati, ugomvi ukisubiri watoto. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ndani ya manispaa na 2 nje yake, hivyo mpaka wa Manispaa ya Kerugoya-Kutus unamgusa mnunuzi kwa namna ambayo hakuna bango linaloieleza: ploti mbili zinazopakana, za bei moja, moja hulipiwa mara mbili ya nyingine. Kodi ya kila mwaka ya ardhi ingemgusa anayekalia. Itasemwa kwamba itamwumiza mjane mwenye ekari moja na asiye na pesa mkononi. Sheria inaweza kumwahirishia hadi siku ya kuuza, na iwe hivyo. Ninachoshuku ni kwamba mjane hutajwa na wenye ekari ishirini.

Kuna ardhi moja ambayo serikali haihitaji kuinunua, kuifidia wala kuilipia bomba ili soko lake libadilike. Ni vile vijiji vya Dharura. Katika Nyeri, Kirinyaga na Murang'a bado viko vijiji vya wakati huo ambavyo watoto na wajukuu wa waliobaki bila shamba wanaishi kwenye vipande ambavyo havijawahi kuandikwa kwa majina yao, na ahadi ya hati imekuwa ikirudi kila uchaguzi. Baadhi ya wakazi wake ndio wanaochuma kahawa, wanaopanda mpunga na wanaobeba mawe ya nyumba za wengine mjini. Wao si wapangaji, hivyo kodi ikishuka haiwasaidii. Wala hawana amana ya Boma Yangu. SACCO haiwezi kuwakopesha juu ya kipande kisicho na namba. Ukiwauliza watu hao kwa nini ukuta ni wa mbao na si wa mawe, jibu utakaloelewa haraka ni kwamba mawe hayabebeki siku ya kufukuzwa. Kuwapa hati kunahitaji mpima ardhi, ramani, kikao cha kusikiliza migogoro ya nani alikaa wapi, na afisa wa kutia saini. Kijiji kilipimwa mara moja tu, mwaka 1954 au 1955, na aliyekipima alikuwa akitafuta mahali pa kuchimba handaki.